Bwegera: Shaba ya Mama na Pete za Binti

Safari yetu ya mwezi huu ni ya Bwegera, katika uwanda wa Ruzizi. Wengi wenu mnaokaa Kamituga, Misisi au Lugushwa mmekwisha kupita pale juu ya lori, mkanunua mihogo ya kuchoma dirishani, mkaendelea na njia. Safari hii tushuke, tukae kidogo.

Ukitoka Uvira unaacha Kavimvira na njia ya Burundi mkono wa kuume, kisha barabara ya taifa namba 5 inanyoosha kuelekea kaskazini. Unapita Runingu, Sange, Luberizi. Kushoto milima inakufuata bila kuchoka. Huko juu ndiko Lemera. Kuume ni mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu na kushuka mpaka Tanganyika, na ng'ambo yake ni Burundi. Joto la uwanda si kama baridi ya milimani kwenu. Ni mashamba ya mpunga, mahindi na mihogo, na ng'ombe wanaovuka barabara bila kumwogopa dereva. Kabla ya kufika Luvungi, hapo ndipo Bwegera: nyumba za kando ya barabara, makanisa, maduka madogo na soko.

Bwegera haina mgodi wala kiwanda. Kuna kazi moja ndogo niliyoiona pale, nayo ndiyo nataka kuwaeleza, kwa sababu inagusa kila jamaa yenye mama aliyekufa na kuacha kitu.

FUNDI WA SOKONI

Nyuma ya soko, chini ya mwembe, anakaa mzee mmoja fundi. Ana mvukuto wa ngozi, nyundo mbili, koleo, tupa, na kipande cha ekseli ya lori ambacho ndicho fuawe lake. Asubuhi anaziba masufuria na kunoa majembe. Mchana watu wanamletea mambo ya siri kidogo, yaliyofungwa katika kitambaa: bangili ya nyanya, pete iliyokatika, shenete ya marehemu. Wanataka kitu kile kile kiwe kitu kingine.

Ninyi watu wa migodi mkisikia habari ya fundi wa mapambo mnawaza dhahabu. Asubuhi ile nzima niliyokaa naye, dhahabu ilifika mara moja tu: hereni mbili nyembamba ndani ya sanduku la kiberiti. Vingine vyote vilikuwa shaba nyekundu, shaba ya manjano, na fedha kidogo.

Msishangae. Mwenye kuchimba dhahabu mara nyingi hana hata chembe yake nyumbani. Inatoka shimoni, inapita mikononi mwa wale wamama wanaotwanga mawe, mnaowaita mama twangeze, inapimwa na negosia, kisha inakwenda mbali. Tena mpaka mwaka 1982 sheria haikumpa mtu wa kawaida ruhusa ya kuichimba na kuiuza; ni mwaka huo serikali ya Mobutu ilipowafungulia njia wachimbaji wadogo. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za uwanda dhahabu ni mgeni wa juzi. Urithi wa wamama wazee ni shaba.

YALIYOMO NDANI YA KOPO

Mama mzee mmoja wa Bwegera alinionyesha kopo lake la maziwa ya unga. Analiweka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na ushanga, simbi chache, senti ya zamani ya Wabelgiji yenye tundu katikati, bangili ya waya wa shaba, na kipande cheupe cha mviringo kilichotobolewa. Nikamwambia, "Mama, hapa kuna kitabu kizima cha historia." Akacheka: "Pasta, mimi sikusoma. Mimi naweka tu."

Tukianza na bangili, jirani zetu Warundi wanaiita umuringa, jina lile lile la shaba yenyewe. Shaba ilisafiri sana katika nchi hizi. Katanga waliimimina katika umbo la misalaba midogo, ambayo ilitumiwa kama fedha. Kisha fundi wa mahali pengine aliiyeyusha msalaba ule na kuufanya waya au bangili. Wayeke wa mfalme Msiri kule Bunkeya walijulikana kwa ufundi wa kuvuta waya wa shaba. Basi bangili ya nyanya yako, kabla ya kuwa bangili, yaweza kuwa ilikuwa fedha, na kabla ya fedha ilikuwa jiwe. Ilipita motoni zaidi ya mara moja.

Kile kipande cheupe ni kirezi. Wengi wanadhani ni mfupa au pembe. Ni sehemu ya chini ya konokono wa baharini, na bahari yenyewe ni ile ya Hindi, mbali kabisa na hapa. Kilibebwa kutoka mkono mpaka mkono hadi katikati ya Afrika, na kwa watu wa bara kilikuwa pambo la wakubwa. David Livingstone alipewa kimoja na mfalme Shinte, upande wa Zambezi ya juu, mwaka 1854. Akaandika kwamba wakati ule viwili vilitosha kumnunua mtumwa. Baadaye wafanyabiashara wa Ulaya walileta vya kuiga, vilivyotengenezwa kwa udongo mweupe wa kuchomwa kama wa sahani. Kwa hiyo si kila kirezi ni cha bahari.

Uvira nayo ilikuwa katika njia hizo. Waingereza Burton na Speke walipofika kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, walikuta watu wa Ujiji wakija huko kununua pembe, nafaka, nguo za magome ya miti, vitu vya chuma, na, kwa huzuni yetu, watu. Ujiji wenyewe sokoni walitumia ushanga ulioitwa sofi kama senti. Kwa hiyo mapambo haya hayakuwa urembo tu. Yalikuwa pia banki ya mwanamke, aliyoivaa mwilini mwake.

Warundi na Wanyarwanda wana methali inayosema kwamba aliyevaa kirezi hajui kwamba ni cheupe. Maana yake, mtu haioni thamani ya kitu alicho nacho. Mama yule wa kopo alikuwa akisema neno hilo hilo kwa njia yake.

KUFUA UPYA SI JAMBO GENI

Vijana wengine wananiuliza: je, si dhambi, au si kuvunja desturi, kulifua upya pambo la wazee? Desturi yenyewe inajibu. Huko pwani, Zanzibar na Lamu, sonara walikuwa wakiyeyusha reale za fedha za Maria Theresa ili kutengeneza mapambo. Kila reale ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na zaidi ya sehemu 8 kati ya 10 ni fedha tupu. Sarafu hiyo imeandikwa 1780 hata ikipigwa miaka mia baadaye, maana watu waliamini tarehe ile. Na kule Omani ilikuwa kawaida, mwanamke akifa, fedha yake kuyeyushwa na kufuliwa mapambo mapya kwa ajili ya bibi arusi mwingine. Ndiyo maana mapambo ya Omani yaliyo ya kale sana ni machache.

Kwa hiyo moto si adui wa urithi. Lakini moto hauna njia ya kurudi, na hapo ndipo jamaa nyingi zinapoumia. Mtu mmoja anaamua peke yake, anakwenda kwa fundi, anarudi na kitu kipya kinachong'aa. Ndugu zake wanauliza: "Ya mama iko wapi?" Naye anaonyesha kidole. Kuanzia siku ile hawasalimiani.

JAMAA MOJA NA BANGILI MOJA

Nitaeleza habari ya jamaa moja ya uwanda, bila kutaja majina.

Mama yao alikuwa na bangili mbili za shaba, kila moja waya mnene uliozungushwa mara tisa. Vita vilipoingia katika uwanda mwezi wa Oktoba 1996, alikimbia na watoto watatu, na bangili ya kwanza alimpa mwenye mtumbwi ili wavushwe Ruzizi. Ya pili alirudi nayo mkononi. Alipokufa ilibaki hiyo.

Dada mkubwa ndiye aliyeiweka. Kaka yake ni mchimbaji, anakaa Misisi. Dada mdogo alikuwa na mume aliyekwisha kutoa mahari, na watoto wawili, lakini miaka mingi hawakufunga ndoa kanisani. Ukiwauliza walisema, "Bado tunajitayarisha." Sababu yenyewe ilikuwa aibu ya pete. Katika uwanda wetu wako wengi wa namna hii. Wanapendana, wazazi wamepatana, lakini wanangoja pete, gauni na sherehe, mpaka watoto wanaingia shule.

Tulikaa pamoja nyumbani kwa dada mkubwa, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Kaka alianza: "Mimi naona tuuzishe. Wanunuzi wa vyuma wanapima kwa kilo. Tugawane franga, mambo yaishe."

Dada mkubwa akamjibu: "Ile ingine ilitupitisha mto. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Hii ukiuzisha, unauzisha nini?"

Mdogo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi sitaki yote. Nataka inayotosha vidole viwili tu."

Twende kwa fundi, tukaamua, lakini twende wote. Mzee aliweka bangili katika mizani mbele yetu sote, akamtajia kaka bei ya vyuma chakavu. Haikufika bei ya kuku. Kaka akatazama chini.

Fundi akapima kwa uzi. Mzunguko mmoja wa bangili ulikuwa karibu sentimeta 20, na pete moja inataka kama 6 au 7. "Hapa hakuna haja ya kuyeyusha," akasema. "Nitakata mzunguko mmoja. Unatoa pete tatu. Minane inabaki kama mama alivyoivaa."

Pete tatu? Mbili za maarusi, na ya tatu ya nani? Dada mkubwa ndiye aliyesema: "Ya huyu." Akamwonyesha kaka yake. Kaka alirudi nayo Misisi kidoleni.

Tuliandika karatasi: siku, uzito wa kwanza, kilichokatwa, kilichobaki, na kwamba dada mkubwa anaiweka ile minane kwa niaba ya wote watatu. Kila mmoja akatia sahihi. Ndoa ilibarikiwa baadaye. Wengine waliuliza kama pete ya shaba ni pete kweli. Niliwajibu kwamba Biblia haiagizi popote pete ya arusi, wala ya dhahabu wala ya shaba, inaagiza uaminifu. Baada ya wiki mbili bibi arusi alinionyesha kidole chake cha kijani, akiwa na wasiwasi. Ni jasho na shaba tu, si laana. Ndimu na chumvi kidogo, maji safi, kitambaa kikavu, na pete inarudia wekundu wake.

KAZI YENYEWE

Vijana wanaopenda ufundi, sikilizeni jinsi mzee alivyofanya.

Shaba ukiipiga nyundo inakuwa ngumu, na ukizidi inapasuka. Kwa hiyo kipande kilichokatwa alikitia kwanza katika makaa mpaka kikawa chekundu, kisha akakitumbukiza katika maji. Chuma cha jembe ukikifanyia hivyo kinaweza kuwa kigumu. Shaba ni kinyume, inalainika. Baada ya hapo aliipiga juu ya ekseli, akaikunja kwenye fimbo ya chuma ya mviringo, akairudisha tena motoni ilipoanza kukaza. Mwisho alifunga kiungo, akalainisha kwa tupa, akasugua kwa mchanga laini na majivu. Pete tatu zilimchukua alasiri nzima.

Kama pambo limevunjika vipande vipande, hapo ndipo anapoyeyusha. Shaba nyekundu inayeyuka kwenye joto la digrii 1085, fedha kwenye 962, dhahabu kwenye 1064. Makaa mazuri na mvukuto usiolala vinafika huko. Chuma kilichoyeyuka kinamiminwa katika kalibu, kinatoka kama kijiti, na kijiti hicho ndicho kinachofuliwa.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ikipita joto inatoa moshi mweupe, na fundi anayeuvuta anatetemeka usiku kama mwenye malaria. Kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi, penye upepo, watoto wakae mbali.

KAMA NI DHAHABU

Wako kati yenu wenye hereni au shenete ya dhahabu ya mama. Hapo uangalifu uzidi, maana gramu moja ina bei.

Dhahabu safi huhesabiwa karati 24. Ni laini sana, kwa hiyo mapambo mengi huchanganywa na fedha au shaba. Ukiona alama 750, ni karati 18: katika gramu 10 za pambo, gramu 7 na nusu ndizo dhahabu. Alama 585 ni karati 14. Alama 375 ni karati 9. Fundi mzuri haamini alama peke yake. Anasugua pambo juu ya jiwe jeusi la kujaribia, anadondosha asidi juu ya mstari ule, anaangalia kama unabaki au unafutika.

Msimwombe fundi achanganye hovyo pete ya karati 18 na hereni ya karati 9. Kitakachotoka si 18 wala si 9, na atakayekinunua kesho atakilipa kwa bei ya chini. Na risasi, ile ya kuzibia vitu, ikiingia hata kidogo katika dhahabu inaifanya ivunjike kama biskuti. Ndiyo maana fundi anakata kwanza sehemu zilizozibwa zamani.

Kaka yule wa Misisi aliniuliza kama angeweza kuongeza dhahabu yake ya mgodini katika pete za dada. Inawezekana, lakini dhahabu iliyotoka shimoni si safi kabisa. Ina fedha na uchafu mwingine, na kama ilikamatwa kwa zebaki, zebaki yaweza kuwa bado imo. Ikiwekwa motoni inatoka kama moshi usioonekana, inaingia kifuani na kuharibu akili na figo. Kwa mtoto aliye tumboni ni mbaya zaidi. Usiruhusu mtu yeyote aichome dhahabu ya zebaki ndani ya nyumba au jikoni, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwa ajili ya arusi.

Kupungua kidogo ni haki. Tupa inatoa unga, na kusugua kunakula. Fundi mwaminifu anakuonyesha unga wake kwenye karatasi na kuupima pamoja na kazi. Kupungua kwingi kusikoelezwa ni neno lingine.

YASIYOFAA KUGUSWA

Si kila kitu kipelekwe motoni. Kirezi, simbi na lulu vikiingia motoni vinageuka chokaa. Ushanga wa kioo unayeyuka au kupasuka. Vitolewe kwanza, vitungwe upya kwa uzi mpya. Hiyo nayo ni njia ya kufanya upya.

Vijana, nawaonya kwa nguvu juu ya maganda ya risasi. Uwanda wetu uliona vita vya 1964, vya 1996 na vilivyofuata, na jembe linaweza kuyafukua hata leo. Ni shaba ya manjano nzuri, inayovutia kufanyiwa pete. Lakini mtoto hawezi kutofautisha ganda tupu na risasi nzima, na risasi nzima ikiingia katika makaa inaua. Usiiguse. Weka alama mahali pale, uwaite wakubwa.

Wala usimpelekee fundi waya wa umeme ulioibwa. Shaba ya wizi inalaza mtaa mzima gizani, na pete iliyotoka huko haifai kubarikiwa.

DHAHABU MOJA, MWISHO MBILI

Katika makanisa yetu wako ndugu wanaokataza mapambo yote, wakitaja maneno ya Petro na ya Paulo kwa wanawake. Sitaki kugombana nao. Mitume walionya juu ya majivuno, na majivuno yapo, hata kwa asiye na pete. Lakini someni pia kitabu cha Kutoka, mtaona habari ya mapambo ya kurithiwa na kupewa.

Waisraeli walitoka Misri na vitu vya fedha na dhahabu. Katika sura ya 32 waliziondoa pete za masikio, Haruni akaziyeyusha, ikatoka ndama. Sura tatu mbele, katika sura ya 35, watu wale wale, wanaume kwa wanawake, wanaleta vipini, pete na vikuku, na vinageuka kuwa vyombo vya hema. Na katika sura ya 38, mstari wa 8, vioo vya shaba vya wanawake vinakuwa birika la kunawia makuhani. Mafundi walikuwa na moto ule ule. Tofauti ilikuwa namna watu walivyoamua. Huko kwenye ndama walikusanyika kwa haraka na hofu, wakasukumana. Kwenye hema kila mtu alileta kwa moyo wa kupenda, na mafundi walijua wanafanya nini na kwa nani.

Gideoni naye, katika Waamuzi sura ya 8, alikuwa mtu mwema. Lakini aliomba pete za masikio za mateka, uzito wa shekeli 1,700, akafanya naivera, na kitu kile kikawa mtego kwa nyumba yake. Nia njema peke yake haikutosha.

KABLA YA KWENDA KWA FUNDI

Mkate ukurasa huu, muubandike ukutani:

1. Jueni ni ya nani. Sheria za jamaa za Congo za mwaka 1987, zilizorekebishwa mwaka 2016, zinawaweka watoto wote wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, binti sawa na mvulana. Kitu cha mama si cha yule aliyekuwa karibu na kitanda siku ya kifo.

2. Kaeni pamoja, na aliye mbali apigiwe simu. Mkiona bado kuna machozi, ngojeni. Shaba haiozi.

3. Pigeni picha. Kama hakuna simu ya picha, mchore katika daftari. Andikeni aliyekivaa, alikipata wapi, na alipita nacho wapi.

4. Pimeni mbele ya mashahidi, kabla na baada. Fundi asikasirike, mwaminifu hakasiriki.

5. Ulizeni kama inawezekana kukata sehemu badala ya kuyeyusha yote.

6. Patana bei ya kazi kwanza. Usimlipe fundi kwa kumwachia mabaki usiyoyapima.

7. Bakini pale kazi inapofanyika, au mtu wenu mmoja abaki.

La tatu ndilo watu wanaliruka, nami nalitilia mkazo. Yule mama wa kopo alipofungua kila kitu alijua kisa chake: hii nilipewa na mama mkwe, hii niliokota baada ya vita, hii ya mtoto aliyekufa. Alisema hakusoma, naye alikuwa na kitabu. Mjukuu wake wa kidato cha tatu alikuwa amekaa kando yake, anacheza na simu. Nilimwomba achukue daftari na kuandika. Aliandika kurasa mbili kabla jua halijazama, na mara kadhaa alisimama kumuuliza nyanya yake, "Kweli? Mbona hukuniambia?" Mama akamjibu, "Wewe hukuuliza."

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

— Katika nyumba yetu kuna kitu gani cha babu au nyanya? Nani anajua habari yake yote?

— Kama tungekikata leo, nani angeumia? Je, tumemuuliza?

— Wako vijana katika kanisa letu wanaoahirisha ndoa kwa sababu ya pete? Jamaa zao zinaweza kuwasaidia namna gani bila deni?

— Someni pamoja Kutoka 32 na 35. Kwa nini dhahabu ile ile ilifika mwisho mbili mbalimbali?

Ukipita Bwegera siku moja, shuka. Nunua mihogo, uulize fundi yuko wapi, watakuonyesha. Lakini usiende na bangili ya mama mfukoni, peke yako.